Panga jiko kwa saa: mwongozo wa jiko dogo la nyumba yenye haraka

Jiko letu hapa Sombetini, Arusha, lina urefu wa mita 2 na nusu na upana wa mita 2, na aliyelijenga aliona ni sawa mlango ufunguke kwa ndani. Mlango ukiwa wazi, sinki halifikiki. Tupo sita nyumbani: mimi, baba watoto, watoto watatu na dada anayetusaidia kazi. Gari la shule linapita saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mimi natakiwa niwe kwenye kifodi, daladala ndogo za huku, saa kumi na mbili na robo, na kila asubuhi kuna kitu hakionekani. Leo mfuniko wa kibakuli cha mdogo, kesho chujio, keshokutwa kiberiti.

Jiko hilo nimelipanga mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata picha za kwenye simu: vikombe na vikombe, sufuria na sufuria, viungo vyote pamoja kwenye makopo yanayofanana, kila kopo na karatasi yake ya jina. Lilipendeza kwa siku tisa. Dada akitaka kuchemsha chai, anafungua kabati la viungo kutafuta iliki, anavuka kwenda kabati la vikombe, anarudi kwenye droo ya vijiko, halafu anainama kutoa sufuria ndogo iliyo ndani ya sufuria ya kati iliyo ndani ya sufuria kubwa. Siku ya kumi akarudisha kila kitu alikokuwa amezoea, nami nikamnunia bure. Mara ya pili nilimuuliza yeye kwanza. Akaniambia, "Mama, vya asubuhi vikae na vya asubuhi, vya jioni na vya jioni. Mimi sipiki viungo, napika chai."

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho ninachokuelekeza hapa. Kinahitaji siku tatu za kuangalia, Jumamosi moja yenye jua, na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma.

Hatua ya 1: Siku tatu za daftari

Usihamishe hata kijiko. Bandika karatasi kwenye mlango wa jiko na kalamu iliyofungwa uzi, kisha kila anayeshika chombo au chakula aandike alichoshika na saa. Watoto watakusaidia sana, wao wanapenda kuandika ukutani. Chagua siku mbili za kazi na Jumapili moja, maana Jumapili ina mambo yake.

Yetu ilionyesha kwamba siku za kazi tunatumia sufuria nne, na jikoni zilikuwepo kumi na moja. Sukari iliguswa mara nane kwa siku lakini ilikuwa rafu ya juu kabisa, ili watoto wasiilambe. Blenda, iliyokalia sehemu nzuri kuliko zote pembeni ya jiko la gesi, haikuguswa hata mara moja. Mbuzi ya kukunia nazi nayo haikuguswa, lakini hiyo niliitetea.

Karatasi ile itakuonyesha pia saa ambazo watu wawili wanagongana. Kwetu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, dada anamimina chai na mimi nafunga chakula cha watoto, na saa moja jioni, mmoja anasonga ugali na mwingine anaosha vyombo vya mchana. Hizo saa mbili ndizo unazopangia jiko. Saa nyingine zote jiko lolote linatosha.

Hatua ya 2: Toa vyote nje

Chagua Jumamosi. Tandika turubai au mkeka uani na utoe kila kitu mpaka jiko libaki na sinki na kuta. Usitoe kabati moja moja, utajidanganya. Vikiwa vyote juani ndipo unaona una chupa tatu za chai na mbili hazitunzi joto.

Gawa mafungu kwa saa: alfajiri, jioni, mwisho wa wiki, na mara moja kwa mwaka. Fungu la mwisho litakushangaza kwa ukubwa. Kwetu karibu lote lilitoka kwenye kicheni pati yangu: hotipoti sita, seti tatu za glasi, sahani za maua ambazo wageni wenyewe wanaogopa kuzilia. Tunawapa wageni wa mara mbili kwa mwaka kabati zuri kuliko yote, halafu watoto wetu wanakula kwenye vibakuli vilivyopasuka kwa sababu "vile ni vya wageni". Nimeacha hotipoti mbili. Nyingine ziko kwenye boksi chini ya kitanda, na moja nimempa mdogo wangu aliyeanza maisha.

Kuna vitu vidogo vinavyojaza jiko bila kuonekana. Cha kwanza ni mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila safari ya sokoni huleta mfuko mbadala mmoja ambao hatuna moyo wa kuutupa. Nilihesabu hamsini na kitu. Bakiza mitano, uikunje na kuiweka ndani ya kikapu cha sokoni chenyewe, maana mfuko ulio jikoni hauendi sokoni. Cha pili ni vibakuli visivyo na mifuniko na mifuniko isiyo na vibakuli. Ilinganishe palepale uani, kisichopata mwenzake kiende kikawe sahani ya kuku. Cha tatu ni vyombo vya majirani. Hivi ni vigumu, kwa sababu sahani ya jirani hairudi tupu, na ndiyo maana hukaa miezi ikisubiri siku utakayopika kitu cha maana. Mimi siku ile nilikaanga maandazi sinia zima nikazirudisha zote tano. Zikafunguka sentimita ishirini za rafu.

Mlango unaofunguka kwa ndani, zungumza na mwenye nyumba uutoe bawabani na uuhifadhi, uweke pazia. Wetu aliguna, akakubali. Hakuna kabati ambalo lingenipa nafasi kama ile niliyoipata kwa kufungua skrubu sita.

Hatua ya 3: Moto upewe mahali pake kwanza

Watu hupanga vyombo kwanza, na mtungi wa gesi wanausukuma kwenye kona inayobaki. Anza na mtungi. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi dirishani bali inatambaa sakafuni na kukusanyika penye bonde. Kabati lililofungwa pande zote chini ya kaunta, ambalo mafundi wengi hupenda kulichongea mtungi, ndilo chombo kizuri cha kuikusanyia. Kama huna njia nyingine, kabati hilo litobolewe matundu makubwa chini kabisa, usawa wa sakafu, upande unaotazama nje. Matundu ya juu peke yake hayatoshi.

Mtungi wetu ni wa kilo 15. Umesimama wima karibu na mlango, chini yake pana kipande cha ubao, na mpira wa gesi unapita nyuma ya jiko, haupiti juu ya moto wala hausagwi na ukuta. Kila ukibadilisha mtungi, chukua sifongo yenye povu la sabuni upake kwenye regulata na kwenye maungio ya mpira. Povu likichemka vipovu, panavuja, funga na umwite aliyekuletea. Mpira ukishaanza kuwa mgumu au kuwa na nyufa unapoukunja, usiungoje upasuke. Na ukisikia harufu ya gesi unapoingia asubuhi, usiguse swichi ya taa, hata kuzima. Fungua mlango na madirisha, funga regulata, watu watoke.

Kitu kingine cha huku kwetu ni baridi ya Juni na Julai. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ile miezi kuna nyumba jiko la mkaa huingizwa jikoni, na usiku likahamishiwa chumbani kupasha joto. Mkaa unaotoa moshi kidogo hutoa bado hewa ya sumu isiyo na harufu, inayolaza watu wasiamke. Jiko la mkaa lipewe mahali pake pa kudumu nje, barazani au uani penye paa, na pale pale pawekwe gunia la mkaa, koleo na kipepeo. Likiwa na mahali pazuri nje, hakuna atakayeliingiza.

Hatua ya 4: Kona ya alfajiri

Hii ndiyo kona iliyotuokoa. Gharama yake ilikuwa sinia moja la bati tulilokuwa nalo tayari.

Juu ya sinia weka kila kitu kinachohitajika tangu mtu anaamka mpaka gari la shule linapiga honi: chupa ya chai, kopo la majani, kopo la sukari, iliki na tangawizi iliyosagwa kwenye vikopo vidogo, chujio, kijiko kimoja kirefu, kiberiti. Chini ya sinia, rafu inayofuata, vikombe sita vya kila siku na sufuria ndogo ya chai. Ukinyoosha mkono bila kuhamisha mguu uwe umefika kwenye kila kimoja. Kwetu dada anasimama mbele ya jiko, sinia liko kushoto, bomba liko kulia, na nilimpima: chai ya maziwa ya watu sita anaiandaa bila kuvuka jiko hata mara moja. Zamani alikuwa akivuka mara kumi na moja.

Iliki ya chai ni ya sinia. Iliki ya pilau ni ya kona nyingine. Ndiyo, utakuwa na makopo mawili ya iliki, na chumvi itakaa mahali pawili. Wapenda picha za simu watalalamika. Ni iliki kiasi gani jamani?

Pembeni ya sinia, kwenye beseni la plastiki, weka vyombo vya shule: vibakuli, vijiko na chupa za maji za watoto. Kila mtoto ana rangi yake, na rangi ya mfuniko ni rangi ya kibakuli. Usinunue vyenye urembo tofauti kila mwaka, nunua vya aina moja, mfuniko ukipotea wa mwenzake unaingia. Beseni hili hukaguliwa saa tatu usiku, si alfajiri. Mtoto mkubwa ndiye mkaguzi. Asiyeleta kibakuli chake beseni likiwa linakaguliwa, anakiosha mwenyewe kwa maji ya baridi, na kwa Arusha ya Julai hiyo ni adhabu inayokumbukwa.

Hatua ya 5: Kona ya jioni

Simama mbele ya jiko la gesi kama unayeunga mchicha. Mkono wako wa kulia unataka mwiko, mafuta, chumvi na kisu. Hivyo vinne visikae ndani ya droo. Tuliweka ubao wa paini wenye ndoano nane, sentimita kama 50 pembeni ya moto na si juu yake, kwa sababu juu ya moto kila kitu hupata utando wa mafuta na masizi. Mwiko wa ugali, mwiko wa mboga, upawa, kijiko cha matundu, chekecheke, kikaango kidogo, ubao wa kukatia, kitambaa cha kushikia sufuria. Nyumba ya kupanga na misumari ya zege haviendani, plasta humomonyoka na ugomvi huanza. Sisi ubao wetu umefungwa kwenye fremu ya chuma inayosimama yenyewe.

Hiyo fremu ndiyo kazi ya fundi. Usimwambie "nitengenezee rafu ya jikoni", atakuletea ya duka. Mpe vipimo. Upana wa rafu usizidi sentimita 30, yaani sahani moja ya kulia na nafasi kidogo. Rafu pana zaidi ya hapo huficha mstari wa pili nyuma ya mstari wa kwanza, na kilicho mstari wa pili kimepotea. Umbali kati ya rafu na rafu usilingane: moja sentimita 18 kwa vikombe na makopo, moja 25 kwa sufuria za kila siku, ya chini 45 kwa ndoo ya lita 20 na mkono wako juu yake kufungua mfuniko. Pima ndoo zako kwanza. Miguu iwe na vipande vya mpira, na iinuke sentimita 15 kutoka sakafuni ili ufagio upite. Panya na mende hukaa pale ufagio usipopita.

Sufuria ziwekwe zikiwa zimeegemea kama vitabu, hazikai moja ndani ya nyingine. Mifuniko ipate waya wake wa kusimamia; sisi tulitumia kichanja kidogo cha sahani kilichokatika mguu.

Suala la mafuta. Asubuhi za baridi mafuta ya mawese huganda kwenye dumu, na utamkuta mtu analipiga dumu kama ngoma au analiweka karibu na moto, jambo ambalo sitaki hata kulifikiria. Kila Jumapili mimina mafuta ya wiki kwenye chombo chenye mdomo mpana kinachoingia kijiko. Dumu lenyewe likae stoo. Utagundua pia mafuta yanatumika kidogo, kwa sababu kijiko kinapimika na dumu halipimiki.

Hatua ya 6: Stoo isiyo na chumba

Nyumba nyingi za kupanga hazina stoo. Yetu ni rafu ya chini ya ile fremu, pamoja na nafasi ya ukutani kwenye korido.

Amua kwanza kipimo unachonunulia, ndipo ununue chombo. Kwenye masoko yetu ya Soko Kuu na Kilombero utapimiwa kwa sado au kwa debe. Sado ni kopo la rangi la lita 4, na sado ya maharage ina zaidi ya kilo 3. Debe linajaza ndoo ya lita 20. Kwa hiyo ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko wa kubana, moja mchele na moja unga, na ndoo tatu za lita 5 kwa maharage, choroko na karanga, zinatosha familia ya watu sita kwa wiki kadhaa bila magunia kulala koridoni. Usitumie ndoo ya rangi hata ukiisugua kwa mchanga. Nunua ya chakula, na ukishaipata iandike kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyojaza.

Usichanganye mzigo mpya juu ya wa zamani. Maliza ndoo, ifute, ianike juani, ndipo ujaze. Maharage yenye fukusi wachache ukiyamwaga juu ya masafi, ndani ya mwezi yote ni vumbi na matundu. Ukiwa na friza yenye nafasi, maharage uliyoleta sokoni yakilala humo siku nne au tano, fukusi na mayai yao hufa. Wanaohifadhi gunia zima watumie mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba. Ukiifunga sawasawa hewa inaisha na wadudu wanakufa bila dawa. Lakini ikitobolewa na panya mara moja, ni mfuko wa kawaida.

Unga wa dona unaharibika mapema kuliko sembe kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta. Saga wa wiki mbili, mahindi mengine yakae mazima. Na mahindi au karanga zilizoota ukungu usizichague ukala zilizo safi pembeni. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara ni hapa jirani. Ndiyo maana ndoo hazigusi sakafu wala ukuta wenye unyevu.

Vitunguu, hasa ukinunua wakati vya Mang'ola vimefurika, vinataka hewa. Vitundike kwenye wavu. Viazi mviringo vinataka giza, vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na hiyo sehemu ya kijani ina sumu, kwa hiyo viweke kwenye kikapu kilichofunikwa gunia, mbali na vitunguu. Nyanya juu ya meza, si kwenye friji.

Halafu kuna mkungu wa ndizi. Kama una ukoo Kilimanjaro au Meru unajua ninachosema. Mama mkwe akija kutoka Machame haji mikono mitupu. Anashuka na mkungu wa mshare, parachichi nusu kiroba na maziwa kwenye dumu, na anaangalia utaviweka wapi. Zamani mkungu ulilala mlangoni na tulikuwa tunauruka. Sasa kuna ndoano ya chuma kwenye boriti ya baraza la nyuma, kivulini. Siku hiyo hiyo nakata chana mbili za kupika kesho, nyingine zinabaki zikining'inia. Kila ndizi inayoanza njano inatolewa, maana ndizi ikiiva huivisha wenzake, na ukiiweka karibu na mchicha, mchicha nao unageuka njano. Parachichi nagawa: matano ndani ya unga yaive haraka, mengine yamesambazwa juu ya gazeti. Yaliyoiva yanaingia friji na hukaa siku kadhaa. Yanayobaki hupanda pikipiki kwenda kwa majirani, kwenye zile zile sahani.

Hatua ya 7: Maji

Mji huu kila jiko lina ndoo za maji, na ndoo za maji ndizo zinazokula sakafu. Tenganisha aina mbili tu. Maji ya kuoshea yakae nje kwenye pipa lenye bomba, na jikoni iingie ndoo moja kwa wakati mmoja. Maji ya kunywa na kupikia yapate stendi yake, usawa wa kiuno, yenye koki, ili hata mtoto ajikinge bila kuchovya kikombe.

Nasema "na kupikia" kwa makusudi. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, ndiyo maana unaona wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Meno ya mtoto huharibika wakati bado yanaumbika ndani ya ufizi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi. Kitambaa na chujio la kawaida haviiondoi pia; chujio la mkaa wa mifupa linaweza, na kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi kimeifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi. Kama unanunua maji ya kunywa, jitahidi yatumike pia kwenye chai, uji wa mtoto na supu. Magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka nayo hubeba floraidi. Badala yake loweka mahindi na maharage usiku kucha na umwage maji yale. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, ndiyo maana maharage ya Arusha yanachukua muda kuliko ya Dar es Salaam hata moto ukiwa mkali. Presha kuka inamaliza ubishi huo, na ndiyo chombo pekee kikubwa nilichokinunua kipya.

Hatua ya 8: Friji, kwa kifupi

Nyama mbichi na samaki chini kabisa, ndani ya bakuli, visidondoshee kitu. Vilivyopikwa juu. Jumapili chemsha maharage ya wiki, gawa kwenye vibakuli vya mlo mmoja mmoja. Viwili vibaki kwenye friji, vingine friza. Umeme ukikatika usifungue kuchungulia: friji iliyofungwa hutunza baridi kwa muda wa saa nne hivi, friza iliyojaa karibu siku mbili, na ikiwa nusu ni siku moja.

Hatua ya 9: Kufunga jiko usiku

Saa tatu na nusu. Regulata imefungwa. Sinki tupu, hata kijiko kimoja kisilale. Vyombo kwenye kichanja, kitambaa cha mezani kimeanikwa, maharage yamelowekwa kama kesho ni siku yake. Sinia la alfajiri limekamilika, mtu analikagua kwa macho tu, kwa sababu kila kitu kina alama yake ya mduara juu ya bati na pengo linaonekana. Kazi nzima ni dakika kumi na mbili kama mmoja anaosha na mwingine anapanga, na nusu saa kama baba watoto anasaidia huku akisimulia habari za mpira.

Mara moja kwa mwezi rudisha ile karatasi mlangoni kwa siku moja. Mtoto akianza shule, zamu za kazi zikibadilika au Ramadhani na Kwaresima zikiingia, saa za jiko zinahama, na sinia linahama nazo. Kama dada ameanza kuweka kitu mahali pengine, usikirudishe. Muulize amekiwekea nini hapo.

Kilichonishinda mpaka leo ni ungo. Ni mpana kuliko rafu, mwepesi kuliko ndoano, na hauna saa yake: leo mchele, kesho dagaa, keshokutwa mtoto kauchukua kuwa usukani. Kwa sasa unaning'inia nyuma ya mlango wa sebule. Mama mkwe alipouona alifikiri ni pambo, akasema umependeza.